Upande wa Kushoto wa Kichwa cha Echati

Mama,

Chumba cha watoto kiko wazi. Nakwambia hilo kwanza kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kabla ya kuniuliza kama ninakula. Kitanda nimekitandika. Neti nimeifunga fundo juu. Dirisha nalifungua asubuhi na kulifunga upepo wa vumbi unapoanza, kisha nabaki nimesimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata. Hakuna anayelala humo. Echati ameondoka.

Hajarudi kwao Komoro. Yuko hapahapa Bariadi, nyuma ya soko, kwa Mzee Salumu wa duka la vitambaa na mkewe Bi Rukia. Ni mwendo mfupi kwa miguu, na ndiyo maana inauma zaidi. Mtu aliye mbali unamlilia ukamaliza. Aliye karibu unakutana naye barabarani akiwa na sare ya shule, mnasalimiana, kila mmoja anashika njia ya kwake.

Kuna jambo alinieleza siku anaondoka. Limenikaa kifuani tangu siku hiyo, na kila nikitaka kumweleza mtu, mtu mwenyewe anakuwa wewe. Ngoja nianzie ulipoishia.

Uliishia barazani, Jumamosi mchana, malori ya pamba yakipita na kuacha nyuzi nyeupe kwenye miiba ya uzio. Ulikuwa kwenye kile kiti kifupi, Echati ameketi kwenye mkeka mbele ya magoti yako, unamsuka. Hayo niliambiwa na jirani kwa simu, nikiwa ofisini Dodoma. "Mama yako ameanguka, alikuwa anamsuka yule mtoto." Nilisikia neno ameanguka. Hilo la kusuka halikuingia. Nilipofika Bariadi ulikuwa umeshafunikwa shuka, na mtoto wa watu amekaa kwenye benchi la hospitali, mtandio umefungwa mpaka kwenye nyusi, amepakata viatu vyako.

Sikumuuliza kitu. Nilikaa naye tukatazama ukuta. Nilijua kwamba yeye ndiye aliyekuona mwisho, na ndiye aliyekula na wewe miezi yote ambayo mimi nilikuwa napiga simu Jumapili na kukata haraka kwa sababu ya kazi. Kila nilichotaka kujua juu yako kilikuwa ndani ya mtoto yule wa miaka kumi na miwili, na nilimwogopa.

Unajua nilikuwa na wivu naye. Ulipostaafu ualimu na kuanza kulea watoto wa ile shule ya kimataifa nilikuwa chuo kikuu, na uliponiambia shule haina bweni, watoto wanaotoka nje ya nchi wanawekwa kwenye familia za mjini, nilidhani unatafuta kitu cha kujaza nyumba baada ya kifo cha baba. Sikudhani ungewapenda. Nilipokuja likizo nikakukuta umemlaza mtoto kichwa magotini, unampaka mafuta, unamsuka mistari ile minene ya twende kilioni ili mtandio ukae vizuri juu yake, nilitoka nje nikajifanya naanua nguo. Mimi ulinipeleka kwa kinyozi tangu darasa la kwanza. Shule zetu ndivyo zilivyotaka, najua. Lakini magoti yako sikuwahi kuyalalia kwa kazi hiyo, na mpaka leo sijui kusuka.

Ila ulijua kulea. Madam Theodora, yule mratibu wa malezi pale shuleni, alizoea kuziambia familia zisiwatume watoto wa nje kazi za nyumbani. Wewe ulimwitikia vizuri, kisha Echati akaanza kufagia uwanja siku ileile. Watu walipokutania kwa ile methali ya mgeni na jembe, ulisema kwako jembe halingoji siku ya tatu. Ukamfundisha kukusalimia asubuhi, mwangaluka Mayu, yaani umeamkaje mama, na yeye akaifurahia ile Mayu kuliko salamu yenyewe, akawa anakuita hivyo hata akiomba chumvi. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, aliikataa mwezi mzima, mwishoni ikawa tunamficha. Na dini yake uliilinda kuliko mimi nilivyolinda yangu. Sufuria yake ya nyama ilikuwa peke yake. Kuku alipelekwa kwa Mzee Salumu akachinjwe, ukamrudisha mwenyewe, unamning'iniza barabarani kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Na kile kikombe. Wiki yake ya kwanza alivunja kikombe chako cha maua, akavificha vipande kwenye begi, katikati ya nguo. Ulipoviona hukugomba. Ulimwambia, "Hapa si hotelini. Hapa ukivunja kikombe, umevunja kikombe chako. Haya, sasa utanywea nini?" Ukampeleka mnadani akachague kingine. Akachagua cha bati, cha kijani, kisichovunjika. Ulinisimulia kwenye simu ukicheka mpaka ukakohoa.

Nakukumbusha kikombe kwa sababu ndicho kilicholeta mengine yote.

Shule ilikuwa imefungwa ulipofariki. Mama yake Echati alipiga simu kutoka Moroni, akalia na mimi, akasema mtoto aje mazishini akuage, kwa sababu wewe ndiye uliyemtunza. Basi tulikwenda naye kijijini kwetu Ngulyati, tukakulaza karibu na baba. Alibeba maji, aliosha vyombo, alikaa na wanawake jikoni macho yamevimba kwa moshi. Ng'ombe alipoletwa, mama mkubwa Kwandu alisimama katikati ya uwanja akasema asichinjwe mpaka Mzee Salumu afike, kwa kuwa kuna mtoto wa Kiislamu kwenye msiba huu na wewe ungeuliza. Nilijivunia ukoo wangu siku ile. Tulikumbuka nyama, Mama. Tukasahau nywele.

Siku ya kuondoa tanga, mkeka ulitandikwa kivulini na bakuli la maji na nyembe. Nilinyolewa wa kwanza, maana mimi ndiye pekee uliyemzaa. Wajukuu wa ukoo walipokaribia kwisha nikaingia ndani kuosha kichwa. Nikiwa nimeinama kwenye beseni nikasikia sauti ya binamu Masanja nje, na ule utani wake usiojua pa kukaa.

"We Mkomoro, toka hapo. Hapo wanakaa wenye msiba. Wewe ni mgeni."

Na sauti ya Echati, ndogo lakini haikutetemeka: "Mimi si mgeni. Mimi nimeshavunja kikombe."

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu tukuzike, na kilinipitia mgongoni kama maji ya moto. Nikamsikia mama mkubwa akisema, "Njoo, ng'wana wane, mwanangu. Kweli huyu alikuwa Mayu wako." Nikaendelea kuosha kichwa. Nilikuwa nalia na nilikuwa nimefurahi, na sikufikiri neno moja zaidi ya hapo.

Nilipotoka, upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa mweupe.

Mama mkubwa mkono ulikuwa umechoka, amewanyoa wajukuu wote wa ukoo. Alinitazama, akanipa wembe. Echati alikaa wima, mtandio wake umekunjwa vizuri mapajani. Upande wa kushoto ulikuwa na mistari, imebana, imenyooka kutoka usoni hadi kisogoni. Hapo ndipo nilipofikiri. Nilimfikiria mama yake, nikafikiri dini yao, nikafikiri shule. Lakini kichwa hakiachwi nusu. Ningemwambia nini mtoto yule mbele ya ukoo mzima? Kwamba asimame arudi kuwa mgeni, na nusu ya kichwa? Nikachukua mkasi nikaikata ile mistari mmoja mmoja, kisha nikanyoa. Nilifanya polepole. Yeye alifumba macho. Nywele zake na zangu na za watoto wote zilifungwa kwenye kitambaa kimoja, mama mkubwa akazifukia nyuma ya uzio wa minyaa.

Tuliporudi mjini, Madam Theodora alikuja kukagua nyumba. Alitazama choo, tangi la maji, kitasa cha mlango wa chumba. Aliniuliza kama kweli nitabaki Bariadi, nikamwambia nimeomba uhamisho, na mpaka ujibiwe nina likizo. Akasema kwa umri wangu na kwa kuwa sijaolewa, ingehitaji mkuu wa shule akubali, lakini yeye atanisemea, kwa sababu mtoto anakula, analala, na kumhamisha mwaka wa mtihani ni kumvuruga. Niliamini tumevuka. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, Echati amalize mwaka wake kwenye kitanda kile. Niliita hilo ahadi uliyompa mama yake. Ilikuwa kweli ahadi yako. Lakini pia alikuwa mtu wa mwisho mwenye mazoea yako. Aliweka chumvi kwenye uji kama wewe. Alifunga mlango wa jikoni kwa kisigino kama wewe. Jioni akiwa anasoma alikuwa anaguna kama wewe ukisahihisha madaftari, na mimi nilikuwa nazima redio ili nimsikie.

Mtandio wake haukumtoka kichwani, hivyo shuleni hakuna aliyejua. Mama yake aligundua Jumapili moja. Simu tuliiegemeza kwenye kopo la sukari, wanaonana uso kwa uso, wanaongea kikwao haraka haraka. Karanga ikamdondoka Echati, akainama kuiokota, mtandio ukateleza.

Nikiwa jikoni nikasikia mama yake akiniita.

Nilikuja nikasimama mbele ya simu, na mimi kichwa changu vilevile, nywele zimeanza kuota kama makapi. Nilimweleza. Nilimweleza vizuri, Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kupanga maneno. Nilisema ni mila yetu, kwamba wanaonyolewa ni wenye msiba, na kwamba hakuna heshima kubwa zaidi ambayo ukoo wangu ungempa mtoto asiyetoka kwetu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Kariakoo, anakonunulia vitambaa vya biashara:

"Dini yetu haitaki kunyoa kwa msiba. Hilo Mungu atasamehe, yule ni mtoto. La pili ndilo siwezi. Mmemnyoa mwanangu kama yatima. Mimi mama yake niko hai."

  Nimelitafuta jibu upande wake na upande wetu, na kila nikifika mahali naona ana haki, kisha nakumbuka kikombe, naona na sisi tulikuwa na haki, na haki hizi mbili hazikai kwenye chumba kimoja.

Shule ilituita. Mama mkubwa Kwandu alikuja kwa bodaboda kutoka Ngulyati, amevaa kitenge chake cha harusi za watu, kwa sababu alisema mkono ulioshika wembe ni wake na yeye ndiye wa kuulizwa. Simu iliwekwa mezani, sauti ya Moroni ikasikika ofisi nzima. Mama mkubwa aliongea Kisukuma, mimi nikawa natafsiri. Alisema, "Mama mwenzangu, tungemwacha na nywele zake, watu wangesema dada yangu alikuwa na mpangaji."

 Nilisikia pikipiki na watu wakigombana kwa mbali, huko Moroni.

"Mwambieni bibi namshukuru," ile sauti ikasema. "Namshukuru kweli. Lakini mwanangu si wa kugawana."

Madam Theodora alinisindikiza mpaka getini. "Kabula mdogo wangu, nyumba yako haina kasoro," alisema. "Nitaandika hivyo. Lakini mzazi ndiye mzazi." Hakuwa mtu mbaya. Hakuna mtu mbaya katika habari hii yote, na ningekuwa na mmoja ningelala vizuri zaidi.

Bi Rukia alikuja mwenyewe kumchukua, hakutuma dereva. Aliketi barazani, akakataa soda, akasema, "Mwanangu, hatukuja kukunyang'anya. Mwanzo yule binti asingeweza kukaa kwetu, tulikuwa na vijana wa kiume ndani. Sasa wameoa, nyumba imetulia. Mlango hauna komeo kwako." Nikamwitikia. Nikaingia chumbani kumsaidia Echati kufunga begi.

Alikuwa ameshamaliza. Kile kikombe cha kijani kilikuwa kitandani peke yake. Akaniuliza akichukue au akiache. Nikamwambia ni chake. Akafikiri, akakipeleka jikoni, akakirudisha kwenye msumari wake. "Basi nakiacha," akasema. "Mtu hahami na kikombe cha kwao."

Kisha akafunga mlango wa chumba, kwa kisigino, akaniambia.

"Dada Kabula, ule upande wa kushoto. Ule uliomalizia wewe. Ndio Mayu alikuwa ameshausuka."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mdogo wake. Jumamosi ile ulikuwa umeanza kushoto, ukamaliza kushoto. Kulia hukufika. Yeye alifunga mtandio hospitalini na hakuufungua mbele ya mtu. Wiki nzima ya msiba alilala amefunga kichwa, shavu la kulia kwenye mto, ili mistari yako isilegee. Wanawake walimwambia aje asukwe, akakataa. Hakutaka mtu aumalizie upande ule mwingine, na hakutaka mtu aufumue huu.

Nilikaa kitandani. Nilikumbuka ilivyokuwa imebana, ilivyonyooka. Nilikumbuka sauti ya mkasi. Nilikuwa nimeshika kazi yako ya mwisho duniani, bado ina mafuta ya mkono wako, nikaiona kama nywele tu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia niache.

"Ulikuwa unalia," akasema. "Na zingefumuka tu, hata ningefanyaje. Nilitaka ziende pamoja na zako."

Ndipo nikamuuliza lile nililoliogopa tangu kwenye benchi la hospitali. Ulisema nini mwisho. Nilijiandaa kusikia jina langu, Mama. Nilijiandaa pia kutolisikia.

"Alisema, 'Geuza kichwa, tuanze na huku.' Nikageuza. Nikangoja kitana. Nikaona kinachelewa."

Basi. Hayo ndiyo aliyokuwa nayo, na akaniachia. Bi Rukia akabisha hodi kwa upole, begi likatoka, nikabaki na chumba.

Nilikwenda Ngulyati baada ya mvua za kwanza. Nilisimama nyuma ya minyaa, pale tulipofukia kile kitambaa. Ardhi imejifunga, majani yameota, huwezi kujua ni wapi hasa. Mama mkubwa alinikuta hapo, akaona macho yangu yanavyotafuta, akanishika kiwiko. "Usifukue, Kabula. Kilichofukiwa kimeshalala." Sikufukua. Lakini nilikaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi, kwa sababu hapo chini mko karibu kuliko kaburini: kazi ya mikono yako, nywele za mtoto uliyemlea, na nywele za mtoto uliyemzaa, kwenye fundo moja. Wewe hukuwahi kutukalisha pamoja hivyo ukiwa hai.

Sasa najifunza kusuka. Nimefunga nyuzi za katani kwenye mguu wa kiti chako kifupi, nasuka, nafumua. Mistari yangu inakwenda kombo kama mifereji ya shamba la mvivu. Jirani anaona aibu kucheka.

Na nimempigia simu mama yake Echati. Safari hii sikueleza mila. Niliomba ruhusa tu, kwamba Jumamosi mchana, kama Bi Rukia ataona sawa, mtoto aje barazani nimsuke, kisha arudi. Nikamwambia pia maneno yako ya mwisho, kwa sababu uliyasema juu ya kichwa cha mwanawe na ana haki kuyajua.  

"Nywele hazijafika urefu wa kusuka," akasema. "Zikifika tutazungumza."

Sijui kama ile ilikuwa ndiyo au hapana. Uhamisho nao haujajibiwa, na likizo yangu inakwisha. Nikiitwa kazini Dodoma kabla ya jibu lolote kati ya haya mawili, nitakuwa napanda basi kuja huku kila Ijumaa jioni. Nilimwona Echati wiki hii kwenye kona ya soko, amebeba madaftari. Akasimama, akapiga goti kidogo. "Mwangaluka, Dada Kabula." Ilikuwa saa tisa alasiri. Alikuwa anajua ni saa tisa. Hiyo ndiyo salamu ya kwanza uliyomfundisha, na alinipa hiyo.

Mama, nakuaga sasa. Sikukuaga hospitalini kwa sababu nilichelewa, wala Ngulyati kwa sababu watu walikuwa wengi. Lala mhola, lala salama, Mayu. Ni mara yangu ya kwanza kukuita hivyo, nimejifunza kwake.

Na ninakuahidi hili. Kila Jumamosi mchana nitakuwa barazani, kwenye kiti chako, na kitana, na kopo la mafuta, na mkeka umetandikwa. Akija, nitamwambia ageuze kichwa, nianzie kulia. Asipokuja, nitakaa mpaka jua lifike kwenye mkeka, nitaukunja, na Jumamosi nyingine nitautandika.

Mwanao,
Kabula